Ukurasa Wangu kwenye Kaunta Buku

Kwa miaka tisa siri zangu zote zilikaa katika soko la Masimba, kwenye kaunta buku yenye jalada jeusi, chini ya mashine ya fotokopi. Hazikuwa siri za kutisha. Ilikuwa ni barua pepe yangu na nywila yake, namba ya kodi, namba ya ajira, tarehe niliyozaliwa, jina la mama yangu na shule ya msingi niliyosoma. Mwenye kaunta buku alikuwa mama wa makamo aliyeendesha saiba ya kompyuta tatu, kati ya duka la dawa za mifugo na bucha. Karibu nusu ya watu wa Masimba walikuwa humo ndani pamoja nami, kila mmoja na ukurasa wake.

Najua msomaji wa mjini atacheka, na acheke. Serikali ilipohamishia mambo yake mtandaoni, wakulima wa chai, wauza ndizi, waendesha boda na sisi walimu tulijikuta sote mbele ya kaunta moja. Mama wa saiba ndiye aliyekufungulia akaunti, akakutungia nywila, akaiandika kwenye kaunta buku. Ukirudi baada ya mwaka, hukuulizwa unakumbuka nini. Alilowesha kidole, akafunua ukurasa wako, kazi ikaanza. Aliyeweka nywila zake mwenyewe alionekana mtu wa maringo, au mtu mwenye mke wa pili.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili isiyo mbali na hapo. Kwetu ni kando ya ziwa, na Wakisii wana jina la watu wa kwetu, omogere. Hawalisemi kwa ubaya. Walilisema tu kila nilipopita, ili wanaozungumza wajue nani amefika. Katika chumba cha walimu mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, na chai ilipomiminwa yakateleza kurudi kwenye Ekegusii, nami nikabaki natazama kikombe. Wakicheka, nilicheka nao nikiwa nimechelewa kidogo. Miaka yote hiyo sikujifunza lugha yao zaidi ya salamu na majina ya vyakula, na hilo ni kosa langu. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayeamini kwamba ataondoka karibuni.

Siku mama wa saiba aliponifungulia barua pepe, foleni ilifika mlangoni. Aliniuliza maswali bila kupunguza sauti, kama karani wa hospitali. Nilizaliwa lini? Mama yangu anaitwa nani? Nilijibu chini chini, naye akarudia kila jibu kwa sauti huku akiandika, hata watu wa nyuma wakasikia. Kisha mtandao ukadai namba ya simu ya mtu wa karibu. Nikamwambia sina. Akanitazama juu ya miwani yake kwa muda, akaandika kitu, tukaendelea. Sikumuuliza aliandika nini.

Sikuwa nimedanganya. Mke wangu alikuwa ameondoka zamani, bila kelele, na hatukujaliwa watoto. Mama yangu alikuwa amefariki. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika nyumba yake na kukaa humo msimu mzima, na yaliposhuka hapakubaki boma la kurudia. Nilikuwa na kaka mmoja aliyehamia juu mlimani na kupiga simu wakati wa matanga tu.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya siku yangu ya kuzaliwa, simu ililia mlio wa ujumbe. "Mwalimu, leo umeongeza mwaka. Mungu akuweke." Ulitoka kwa mama wa saiba. Alikuwa ameiona tarehe kwenye ukurasa wangu. Kuanzia hapo ujumbe ulikuja kila mwaka, maneno yale yale, na sikuwahi kupata mwingine kutoka kwa mtu yeyote.

Niseme wazi kabla ya mtu kunionyesha jino: hapakuwa na mapenzi. Alikuwa na mume, na watoto wakubwa, na kanisa lake. Lakini kila Ijumaa alasiri nilipita pale nikiwa na kitu cha kuchapisha. Yeye ni Msabato, na kama wenzake wengi hapa, alifunga kabla jua halijatua. Kesho yake soko zima lilitulia, watu wakaenda kanisani, nami nikazunguka chumbani kwangu nikipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa kama posho yangu ya njiani. Nilichapisha maazimio ya kazi ya mihula iliyopita. Nilichapisha mashairi ya wanafunzi yasiyostahili karatasi. Aliniuliza habari za shule, nikamjibu, akaniuliza kama nimekula. Alikosea ngeli kwa uhodari wa hali ya juu nami nikamsahihisha kimoyomoyo, na wakati mwingine kwa sauti, naye akaniambia nimpe kwanza fimbo ndipo nimsahihishe.

Basi nikaamua kununua nyumba. Nyumba ndogo za kuuza zilikuwa zimejengwa nje kidogo ya mji wa Kisii, na benki iliyopokea mshahara wangu ilitoa mkopo kwa wenye ajira ya kudumu. Kaka yangu nilipomwambia alisema nyumba ya kununua kwa watu si boma, na mwanamume hazikwi kwenye ploti. Nilimwambia kwamba sijapanga kufa wiki hii. Ukweli ni kwamba nilitaka mlango ambao nikiufunga kwa ndani, uwe wangu.

Maombi yote yalifanywa mtandaoni. Nilienda Masimba na kitambulisho, pesilipu ya mshahara na cheti cha kodi, mama wa saiba akaviskani kimoja kimoja na kuvipandisha kwenye tovuti ya benki. Ilichukua alasiri nzima, mtandao ukija na kupotea. Ulipokubali mwishowe, aliagiza soda mbili kutoka bucha ya jirani, na tukanywa tukitazama maandishi yaliyosema maombi yamepokelewa. Aliuliza kama nyumba ina jiko la kuni. Nilipomwambia haina, alinisikitikia kwa moyo kabisa.

Wiki mbili baadaye, mchana, nikisahihisha insha, mtu alinipigia. Alikuwa na sauti laini ya mtu aliyezoea kukaa ofisini. Alisema ametoka idara ya mikopo ya benki, akanitajia majina yangu yote matatu, namba ya kitambulisho, namba ya ajira na hata jina la mama yangu. Alilitamka vizuri, na miaka mingi ilikuwa imepita bila mimi kulisikia likitamkwa. Nilimwamini kwa sababu hiyo tu. Akasema mkopo umebaki hatua moja, kwamba nitatumiwa ujumbe wenye tarakimu sita, nimsomee.

Ujumbe ukaja, nami nikaanza kusoma. Nilikuwa nimemtajia tarakimu mbili, na kilichoniokoa si werevu. Ujumbe uliandikwa kwa Kiswahili kibovu, kibovu kweli, na mazoea ya kazi yakanifanya niusome hadi mwisho nikitafuta makosa mengine. Mstari wa mwisho ulisema namba hii asipewe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Nilikata simu. Akapiga tena mara nne.

Asubuhi nilikuwa benki mjini Kisii. Afisa wa mikopo, kijana mpole mwenye tai, alifunga njia zote za akaunti yangu, akanipa mawaidha kama ninavyowapa kidato cha kwanza. Nywila mpya, niitunge mwenyewe, nisiiandike popote. Laini mpya ya simu kwa mambo ya benki. Nisitumie kompyuta ya watu. Nifungue tovuti kwa kuandika anwani kwa mkono wangu, si kwa kubonyeza kiungo nilichotumiwa. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua habari zangu. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema yupo mama mmoja wa saiba.

Nilishuka Masimba moto ukinitoka masikioni. Duka lilikuwa limejaa, kwa kuwa wakulima walikuwa wanajaza fomu za mbolea ya ruzuku. Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwita nje. Nilisimama mlangoni na kwa sauti yangu ya gwaride la shule nikasema nimekuja kuchukua ukurasa wangu. Alidhani nimekuja na mzaha. Aliniuliza kama benki imejibu.

"Ni wewe tu katika nchi hii unayejua jina la mama yangu," nikamwambia. "Na jana limetamkwa na mwizi."

Wakulima waliacha kujaza fomu wakageuka. Mama mmoja mzee aliyekaa kwenye benchi alisema kitu kwa Ekegusii, pole pole. Mama wa saiba hakujitetea. Alitoa kaunta buku, akalowesha kidole, akaufunua ukurasa wangu. Akaweka rula kando ya mshono na kuuchana ili usichanike vibaya. Akanipa kwa mikono miwili.

"Sawa mwalimu," akasema. "Angalia kama iko yote."

Niliuchoma jioni hiyo hiyo kwenye jiko la makaa. Kabla ya kuutia motoni niliusoma, maana siwezi kuchoma kitu bila kukisoma. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, wa mtu aliyefundishwa na masista. Chini kabisa, penye mtu wa karibu, palikuwa na namba ya simu. Ilinichukua muda kutambua kwamba ilikuwa namba yake. Nilisimama na karatasi ile mkononi, nikasema moyoni kwamba hivyo ndivyo wanavyokuzoea kabla ya kukuibia. Nikaitia motoni.

Baada ya hapo nikawa mtu salama sana. Nilinunua simu nyingine na laini nyingine, nikaizima ile ya zamani pamoja na majina yote yaliyokuwa ndani, maana nilihofu kwamba yule mtu angeweza kupitia humo. Nilitunga nywila kwa maneno ya ushairi ambayo hakuna mwizi angeyajua. Fomu zilizosalia nilizijaza kwa simu, chumbani, mlango umefungwa. Afisa wa mikopo alinisifu. Ijumaa nilikaa shuleni hadi jua linazama ili nisipite sokoni.

Siku yangu ya kuzaliwa ikafika. Nilijua laini ya zamani imezimwa, na hata isingezimwa asingeandika, lakini bado nilishika simu asubuhi nikaitazama. Saa nne ujumbe ukaja. Ulikuwa wa benki, ukimtakia heri "mteja wetu mpendwa". Nilijibu asante. Nikajibiwa kwamba namba hii haipokei ujumbe. Nilicheka peke yangu darasani, na kidato cha tatu wakatazamana.

Mwezi uliofuata niliitwa kumaliza mambo. Benki ilikuwa imekubali. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na nikitoka mjini nilishuka Masimba kwa sababu ya njaa tu. Stejini, kwenye kituo cha matatu, kuna mama anayeuza njugu karanga, na anazifunga kwenye karatasi zilizokunjwa kama koni, karatasi za mitihani ya zamani na fotokopi zilizoharibika. Nilinunua koni moja. Nilipozifikia za chini nikaona maandishi, na kama kawaida yangu nikaikunjua nisome.

Ilikuwa pesilipu yangu, na majina yangu na namba ya ajira vilionekana vizuri chini ya mafuta ya njugu.

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Likizo ya Desemba, furaha ya nyumba ikiwa imenipanda kichwani, nilisafisha chumba changu kabla hata benki haijajua kwamba nipo. Nilikuwa na katoni ya karatasi chini ya kitanda. Juu yake kulikuwa na mitihani ya wanafunzi, nami sikuchimba zaidi. Niliibeba mwenyewe hadi stejini nikampa mama wa njugu, kama walimu wote tunavyofanya hapa, naye akanijazia mfuko wa njugu kwa shukrani. Nilikuwa nimejisifu kwa kutotupa. Chini ya ile mitihani kulikuwa na pesilipu, nakala za kitambulisho, na fomu ya zamani ya bima ambamo nilikuwa nimemwandika mama yangu kuwa mrithi, jina lake lote kwa herufi kubwa, na namba yangu ya simu chini yake.

Nilimuuliza mama wa njugu kama zimebaki karatasi nyingine. Aliniambia zimeisha zote, kwamba zilikuwa nzuri, ngumu, hazivuji mafuta, na kama ninazo nyingine nimletee. Watu wangapi walizikunjua wakasoma, na yupi kati yao alikuwa na sauti laini na akabahatisha kwamba mwalimu hakosi mkopo, sitajua. Nilijua tu nani hakuwa.

Jua lilikuwa limebaki kidogo. Nilitembea kwenda saiba na karatasi ile yenye mafuta mkononi, na niliogopa kuliko siku ya simu. Duka lilikuwa tupu, mama wa saiba yuko peke yake. Ukutani alikuwa amebandika tangazo jipya, kwa mkono: kila mtu abebe paswadi yake. Kaunta buku haikuwepo chini ya mashine. Alipoona naitafuta kwa macho alinieleza, bila lawama, kwamba baada ya siku ile watu walianza kuja mmoja mmoja kudai kurasa zao. Mama yule mzee wa benchi alikuwa wa kwanza. Jalada lilipobaki tupu alilitupa. Siku hizi wengi wanakwenda kwenye saiba mpya upande wa pili wa barabara.

Niliweka karatasi juu ya kaunta. Nilimwambia ya katoni, ya njugu, ya fomu ya bima. Nilisema nimekosa, tena nimekosa mbele za watu, na kwamba niko tayari kusema hivyo mbele ya watu hao hao. Kiswahili changu chote, cha miaka ishirini ya ubao, kilinitoka vipande vipande. Alisikiliza hadi nikaisha. Kisha akaikunja ile pesilipu mara mbili, akanirudishia.

"Weka vizuri," akasema. "Watu wabaya ni wengi."

Nilitafuta la kusema nikapata kazi. Ilibaki fomu moja ya bima ya mkopo, nikamwambia, na lazima itumwe leo. Ningeweza kuijaza kwa simu nikiwa nimesimama pale pale, na yeye alijua. Alitazama saa, akaniwashia kompyuta, akanivutia kiti kizuri. Tovuti ilipofunguka na kudai nywila, aliinuka, akaenda mlangoni, akanipa mgongo. Alisimama hivyo akitazama barabara. Nilimwambia si lazima. Alisema ni lazima, ndiyo sheria ya duka sasa.

Nilijaza. Majina, kitambulisho, ajira, nyumba. Kisha fomu ikauliza mtu wa karibu na namba yake ya simu, na haikukubali kusonga mbele nafasi hiyo ikiwa tupu. Namba ya mama wa saiba niliichoma. Nakala yake nyingine niliizima pamoja na simu ya zamani. Nilikaa nikitazama mgongo wake, sweta lake la kijani, kitambaa cha kichwani alichokwisha kujifunga kwa ajili ya Sabato.

"Mama," nikasema, "naomba namba yako. Nataka kuiandika hapa."

Hakugeuka.

"Hapana, mwalimu," akasema taratibu. "Namba ya mtu ni siri yake. Wewe ndio ulinifundisha."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, ningejua pa kushika. Nje wenye maduka walikuwa wanashusha milango, na alianza kuzima kompyuta nyingine moja moja akiniachia yangu hadi mwisho. Nilifikiria namba ya kaka yangu, lakini nilikumbuka maneno yake ya ploti. Nilifikiria namba ya shule. Mwishowe niliandika namba niliyoijua kwa moyo, ile ya laini yangu ya zamani niliyoizima, ambayo ujumbe wa mama wa saiba ulikuwa ukiingia kila mwaka. Penye uhusiano nikachagua rafiki.

Mtandao ulikubali mara moja. Mama wa saiba alinitakia Sabato njema, akangoja nitoke, akafunga mlango.